Adui wa kwanza ni kengele: mwongozo wa kuandika hadithi ya binti wa sekondari mwenye nguvu za ajabu

Umeshampata binti wako. Ana miaka 16, yuko kidato cha tatu, na usiku mmoja amegundua kwamba anaweza kunyanyua gari, au kupaa, au kupenya ukuta. Sura ya kwanza umeiandika kwa mkupuo mmoja. Katika ya pili amewashinda majambazi wa benki. Sasa uko sura ya tatu na kalamu imegoma, maana huna tena la kumpa. Majambazi wengine? Benki nyingine?

Hadithi nyingi za aina hii hufia hapo hapo, na mwandishi hudhani dawa ni kutafuta adui mkubwa zaidi. Kumbe amesahau jambo dogo: kesho ni Jumatatu, na huyu mtoto anatakiwa shuleni. Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kulitumia hilo. Tutajifunza kwa waliotangulia, wa Marekani, Japani na Zambia, huku tukijenga mfano wetu wenyewe hatua kwa hatua. Binti wetu tumwite Zuhura. Anasoma kidato cha tatu katika shule ya bweni ya wasichana, mahali fulani bara.

1. Andika ratiba kabla ya kuandika nguvu

Chukua daftari, gawa ukurasa kwa saa, ujaze siku nzima ya mhusika wako tangu anapofumbua macho. Ya Zuhura ni hii. Saa kumi na moja alfajiri kengele ya kuamka, kisha mchakamchaka. Foleni ya kuoga, ndoo moja kwa mtu. Usafi: kila mmoja na eneo lake, huyu anadeki bweni, yule anafagia uwanja. Uji. Mstarini, ambako mwalimu wa zamu anakagua kucha na soksi. Vipindi vya dakika 40 hadi alasiri. Jioni kuchota maji, kufua, michezo. Saa moja usiku prepu mpaka saa tatu. Kuhesabiwa bwenini. Saa nne taa zinazimwa.

Sasa mtafutie nusu saa ya kuokoa mtu. Huipati. Kila dakika atakayoitumia kwa nguvu zake itabidi aiibe mahali, na kila mahali pana mtu mwenye rejesta. Ukiamua asome shule ya kutwa, ratiba itabadilika lakini haitalegea: daladala ambayo konda wake anawazuia wanafunzi mlangoni, maji ya kuteka, mboga ya kuchambua, mdogo wake wa kumwangalia mpaka mama arudi sokoni. Chagua moja na uijue vizuri.

Waliotangulia walilijua hili. Superman, aliyetoka mara ya kwanza mwaka 1938, alikuwa mtu mzima mwenye kazi ya uandishi wa habari, na ilikuwa rahisi kwake kuaga ofisini. Agosti 1962 Stan Lee na mchoraji Steve Ditko walimleta Peter Parker, mwanafunzi wa sekondari mwenye miwani, anayechekwa na wenzake, anayelelewa na shangazi na mjomba. Nguvu za Spider-Man hazikumwondolea hata taabu moja kati ya hizo. Mwishoni mwa 1991 Naoko Takeuchi wa Japani akaanza kuchapisha katuni ya Sailor Moon. Shujaa wake, Usagi Tsukino, ana miaka 14, anachelewa shule, anapata alama mbaya, na analia kwa jambo dogo. Wasichana wa nchi nyingi walimpenda kwanza kwa uvivu wake wa asubuhi, ndipo wakampenda kwa mapambano yake na mashetani.

2. Chagua nguvu inayogusa kidonda cha umri wake

Usichague nguvu kwa sababu inapendeza kwenye picha. Jiulize kwanza: huyu binti anataka nini kuliko vyote, na anaona aibu kukisema? Kisha mpe nguvu inayompatia kitu hicho kwa namna itakayomtesa.

Mfano bora ninaoujua ni Kamala Khan, anayeitwa Ms. Marvel. Aliundwa mwaka 2013, na kitabu chake mwenyewe kilianza Februari 2014: mwandishi G. Willow Wilson, mchoraji Adrian Alphona, mhariri Sana Amanat. Amanat alikuwa amekulia New Jersey katika familia ya Kipakistani, na visa vya utoto wake ndivyo vilivyozaa wazo. Kamala naye anakaa Jersey City, ni Mwislamu, wazazi wake walihamia Marekani kutoka Pakistani. Usiku mmoja anatoroka nyumbani kwenda kwenye sherehe aliyokatazwa. Akiwa njiani kurudi, ukungu wa ajabu unamfunika, na anapata uwezo wa kubadili umbo: kurefuka, kusinyaa, kutunisha ngumi ikawa kubwa kama mlango, kuvaa sura ya mtu mwingine.

Angalia sasa anachokifanya kwanza. Anageuka kuwa mwanamke mrefu, mweupe, mwenye nywele za dhahabu, sura ya shujaa aliyemhusudu siku zote. Amepata alichokitaka, kisha anagundua kwamba nguo ile inabana na sura ile si yake. Nguvu ya kubadili umbo, kwa binti anayetamani kufanana na wenzake, ni swali analoulizwa kila siku: utakuwa nani leo? Mwaka 2015 kitabu cha kwanza cha mfululizo huo kilipewa tuzo ya Hugo.

Tamthilia ya Buffy the Vampire Slayer, iliyoanza kurushwa Marekani Machi 1997, ilitumia njia hiyo hiyo kwa wahusika wadogo pia. Katika msimu wa kwanza kuna msichana ambaye hakuna anayemwona shuleni. Anyooshe mkono, mwalimu hamchagui. Aseme, wenzake wanampita. Mwishowe anatoweka machoni kweli kweli. Mwandishi alichukua malalamiko ya mwanafunzi yeyote na kuyafanya yatokee neno kwa neno.

Turudi kwa Zuhura. Katika bweni lenye wasichana 40, kitu anachokitaka kuliko vyote ni kujua wanasema nini akitoka. Tumpe basi masikio. Anaweza kusikia mnong'ono uliosemwa umbali wa uwanja wa mpira. Siku tatu za kwanza atafurahi. Siku ya nne atamsikia rafiki yake wa ndoo moja akimteta jikoni, na hataweza kumuuliza, kwa sababu hakupaswa kusikia.

3. Weka bei, na uidai kila mara

Nguvu isiyo na gharama huua wasiwasi, na hadithi isiyo na wasiwasi hufungwa kabla ya nusu. Majeraha ya Kamala hupona haraka anaporudi kwenye umbo lake la asili, lakini uponaji huo humwacha hoi na mwenye njaa kali. Bei hiyo ni nzuri kwa sababu inalipwa mezani, mbele ya mama.

Bei ya Zuhura iwe hii: kila anapotega sikio mbali, baadaye anakuwa kiziwi kwa dakika 40, kipindi kizima. Ona itakavyomkamata. Mwalimu wa hisabati anasoma majina, "Zuhura!", kimya, anaandikiwa hayupo ilhali ameketi dawati la pili. Dada mkuu anamwita, hageuki. Anashtakiwa kwa kiburi. Hatukuhitaji jitu lenye pembe ili kumtia matatani.

Pamoja na bei, mpe udhaifu. Jiwe la kryptonite linalomlegeza Superman lilianza kusikika katika mchezo wa redio mwaka 1943, lakini sisi tulikuwa na somo hilo zamani. Fumo Liyongo, jitu la upwa wa Lamu na Pate, hakudhurika kwa mkuki wala mshale. Alidhurika kwa sindano ya shaba kitovuni tu. Siri hiyo aliitoa kwa mwanawe mwenyewe, na mwana huyo ndiye aliyemchoma akiwa usingizini. Sindano peke yake isingetosha. Ilihitaji mkono wa mtu ambaye Liyongo alikuwa tayari kulala mbele yake. Unapochagua udhaifu, chagua na mtu atakayeujua.

Udhaifu wa Zuhura uko pale pale shuleni: kengele. Si kengele ya umeme. Ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwembe, inayogongwa kwa nondo. Kwa masikio yake, kila pigo ni msumari. Na inagongwa mara kumi na kitu kwa siku.

4. Amua nani anajua, na lini

Siri ndiyo injini ya hadithi hizi. Tengeneza orodha ya watu watano walio karibu naye, na mbele ya kila jina andika sura ambayo atajua. Usiache hata mmoja kwa bahati.

Rafiki ajue mapema, maana mhusika asiye na wa kumwambia huzungumza peke yake kurasa nzima. Kamala ana Bruno, kijana wa dukani anayempenda kimyakimya na kumtengenezea vifaa. Mzazi ndiye mgumu. Mama yake Buffy anajua mwishoni mwa msimu wa pili, na anamtishia binti yake kwamba akitoka nyumba hii asirudi. Mama yake Kamala, katika vitabu, anapoambiwa anajibu kwamba alikuwa anajua muda wote. Katika tamthilia ya televisheni ya mwaka 2022, iliyochezwa na Iman Vellani, mama huyo huyo ndiye anayemkabidhi binti yake vazi la ushujaa. Mama wawili, majibu matatu, na kila jibu linakwambia nyumba ile ikoje.

Wa kwako atajibuje? Usikimbilie kumfanya mzazi wa Kiafrika awe fimbo na makaripio tu. Fikiria mama wa Zuhura, aliyeuza mbuzi kulipia tranka, godoro na sare. Huenda swali lake la kwanza likawa: "Mwanangu, na masomo?" Swali hilo halina ujinga hata kidogo.

Na bwenini siri ina sheria zake. Hakuna mlango wa kufunga. Kitanda cha juu kinajua kitanda cha chini kimeamka saa ngapi. Matroni ana tochi. Ukimfanya Zuhura atoroke usiku, onyesha alivyojaza mto chini ya shuka, nani aliona, na atamlipa nini anyamaze.

5. Jiulize watu wataziitaje nguvu zake

Mwandishi wa Marekani anaweza kuandika "nguvu" na wasomaji wake wakafikiria mionzi na maabara. Kwetu, binti akianza kujua yasemwayo mbali, majina yako tayari: uchawi, majini, mapepo. Ukiliruka hili, msomaji wako ataona umemdanganya. Atajua kwamba shule yoyote ingeshamwita mchungaji, shehe, au mganga, na wazazi wengine wangeshakuja kuwachukua watoto wao.

Historia yetu ina kisa cha kukuongoza. Januari 30, 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka bila kujizuia. Kicheko kikaambukiza. Kati ya wanafunzi 159, kiliwapata 95, wengine kwa saa chache, wengine kwa siku kadhaa, na Machi 18 shule ikafungwa. Kikawafuata wanafunzi vijijini. Madaktari walipima na hawakukuta sumu wala kijidudu. Wachambuzi wengi tangu hapo wamekihusisha na shinikizo lililowaelemea wasichana wale. Miezi michache baadaye, mwaka huo huo, Marekani ikampata Spider-Man. Kule jambo la ajabu lilimfika mwanafunzi mmoja, na akaweza kulificha chini ya shati. Huku liliwafika wanafunzi wengi kwa pamoja, na kijiji kizima kikatoa maoni.

Chukua somo hilo. Ajabu ya Zuhura haitakaa kichwani mwake peke yake. Itakuwa na mashahidi, wakalimani na maadui. Andika angalau tukio moja ambamo mtu mwema, kwa nia njema kabisa, anamtendea kama mgonjwa au mwenye pepo. Na usiwachekeshe wasomaji kwa gharama ya imani ya mtu. Mpe kila mhusika sababu ya kuamini anachoamini.

6. Mpe adui ukubwa wa mtaa wake

Dunia haihitaji kuokolewa katika kitabu chako cha kwanza. Kamala analinda Jersey City, jiji linaloishi kwenye kivuli cha New York, na adui wake wa kwanza anawashawishi vijana kwamba wao ni mzigo kwa dunia, kisha anawatumia kama betri. Umri wao ndio silaha yake.

Tazama pia Supa Team 4, tamthilia ya katuni iliyoanza kuonyeshwa Netflix Julai 2023. Iliasisiwa na Malenga Mulendema wa Zambia na kutengenezwa na studio ya Triggerfish ya Cape Town. Wasichana wanne wa Lusaka ya kesho wanaajiriwa na Mama K, jasusi mstaafu ambaye bado ana ari ya kuokoa dunia, ila bajeti yake ni finyu. Hiyo bajeti finyu ndiyo inayomfanya mtazamaji wa Lusaka, Mwanza au Mombasa acheke na kusema huyu namjua.

Adui wa Zuhura tumtafute stoo. Saa saba usiku anasikia magunia yakiburuzwa: maharage ya wanafunzi yanapakiwa kwenye pikapu. Wiki ile mchuzi umekuwa maji. Anatega zaidi, anaitambua sauti inayohesabu magunia. Ni ya matroni, yule aliyemkesha alipougua malaria kidato cha kwanza.

Sasa hesabu mafundo uliyoyapata kwa gunia la maharage tu. Akisema, ataulizwa alisikiaje akiwa kitandani, mita 400 kutoka stoo. Akinyamaza, wenzake wanashinda na njaa. Akienda kushuhudia kwa macho, anatoroka bweni, kosa la kusimamishwa shule. Na asubuhi ana jaribio la kemia, akiwa hajalala.

7. Acha Kiswahili kifanye kazi

Waandishi wa katuni wa kwingineko huchora milio kwa herufi kubwa. Wewe una hazina ya tanakali za sauti, itumie: mtu huanguka pu mchangani, jiwe huzama chubwi, tawi hukatika kacha, bomba huvuja ndo, ndo, ndo. Kwa mhusika anayeishi kwa masikio, tofauti kati ya kimya cha kawaida na kimya cha jii ni tukio kamili. Lakini tia chache. Tanakali mfululizo huchosha kama ngoma isiyopumzika.

Katika mazungumzo, sikiliza wanafunzi wenyewe. Wanapiga msuli usiku, wanadoji vipindi, wanamwamkia mwalimu "shikamoo" na kumpa jina la utani akigeuka. Darasani wanafundishwa kwa Kiingereza, bwenini wanaishi kwa Kiswahili, na wakipigiwa simu na bibi wanaingia Kihaya, Kisukuma au Kichaga. Zuhura atasikia lugha zote hizo. Mfanye asiielewe moja, na umruhusu mwenzake amtafsirie visivyo.

Usieleze nguvu kwa sentensi za kitaalamu. "Alisikia maongezi kwa umbali mkubwa" haimwonyeshi msomaji kitu. "Alimsikia mlinzi akitafuna kipande cha muwa getini" inamketisha kitandani na Zuhura.

8. Mpeleke kwenye mtihani

Mwisho wa kawaida ni pambano juu ya paa, jua likichomoza. Unaweza kuwa nalo, lakini lisiwe la mwisho. Baada ya hapo mrudishe mahali ambapo nguvu zake hazimsaidii, au mahali ambapo zingemsaidia na anakataa.

Kwa Zuhura mahali hapo pako wazi. Wiki ya mtihani wa kufunga mwaka, walimu wawili wanasomeana maswali ofisini, kwa sauti ya chini. Yeye yuko chini ya mwembe, karibu na ile rimu. Hahitaji hata kutega. Umemwandalia tukio hili tangu ukurasa wa kwanza: ratiba imemwibia usiku wa kusoma, bei imemkosesha vipindi, matroni amekwenda, rafiki hajarudi. Ana kila sababu ya kusikiliza. Anaweza kuinuka na kuondoka. Anaweza kuchukua nondo na kuigonga kengele mwenyewe. Anaweza pia kubaki na kusikiliza, na ukiandika hivyo kwa uaminifu msomaji atamsamehe au atamhukumu, lakini hatamsahau.

Kabla ya kumpa mtu muswada, ufanyie jaribio moja. Futa nguvu zote. Soma kilichobaki: msichana, ratiba, rafiki, mama, gunia la maharage, mtihani. Kama bado unataka kujua atafikaje Desemba, hadithi yako ina mifupa, na nguvu zitakaa juu yake vizuri. Kama hutaki, usiongeze adui. Rudi hatua ya kwanza ukaandike ratiba upya, na safari hii andika kwa dakika.

Kama wewe mwenyewe bado ni mwanafunzi, una faida ambayo hakuna mwandishi mkubwa anayeweza kuinunua: unaijua harufu ya bweni lako, jina la utani la mwalimu wa zamu, na mlio wa kengele yenu. Andika hayo usiku wa leo, kabla taa hazijazimwa.